Mwalimu, Acha Kona Moja Isifagiliwe

Kila asubuhi, kabla ya mstari, wanafunzi wa shule zetu za msingi hufagia uwanja mpaka ubaki udongo mtupu. Usafi huo una maana yake: nyoka hakai mahali peupe, na madimbwi ya mbu hayafichiki. Lakini shule inayofyeka kila kipande cha kiwanja chake, kisha ikafundisha mazingira kwa kuchora mti ubaoni, inajinyima somo lililo miguuni pake.

Ushauri wangu kwa walimu wa Kasansa, na wa kata nyingine za Halmashauri ya Mpimbwe mkoani Katavi, ni huu: tengeni kona moja isiyofagiliwa. Hatua kumi kwa kumi zinatosha. Iwe mbali na madarasa, vyoo na njia ya kwenda kuchota maji, lakini mwalimu aweze kuiona akiwa ofisini. Izungusheni matawi ya miiba, maana mbuzi na ng'ombe watamaliza kila kinachochipua. Mkuu wa shule na kamati ya shule wajue mapema. Mwalimu wa zamu naye ajue, la sivyo kiranja mwenye bidii ataingia na fyekeo siku moja na kazi yote itaishia hapo.

Mwezi wa kwanza wa kona hiyo msipande chochote. Najua tumezoea kuanza na miche, tena tukiwa na mgeni rasmi, lakini mtoto aliyepanda mti bila kujifunza kutazama atausahau kabla ya likizo. Wagawe watoto pande nne za kona, wakae kimya dakika kumi, kisha uliza maswali matatu tu: Umeona nini? Kilikuwa kinafanya nini? Unadhani ni kwa nini? Majibu yaandikwe kwenye daftari la kaunta pamoja na tarehe, saa, hali ya hewa na mchoro. Jina la kiumbe liwe lile analolitumia mtoto nyumbani, la Kipimbwe, Kisukuma au Kifipa, na la Kiswahili lifuate. Asiyejua jina aende akamuulize bibi au babu, alete jibu kesho yake. Kwa njia hiyo wazee wanaingia darasani bila barua ya mwaliko.

Anza na vitu vidogo. Kiangazi, kwenye mchanga mkavu chini ya ukingo wa paa, kuna vishimo vyenye umbo la faneli, kila kimoja karibu na upana wa kifuniko cha soda. Mlaze mtoto kifudifudi, aguse ukingo taratibu kwa ncha ya unyasi. Kutoka chini mchanga utarushwa. Humo amejizika kidudu mwenye taya kama koleo, akisubiri sisimizi ateleze. Na huyo bado ni mtoto: akikua hupata mabawa marefu na kufanana na kereng'ende. Mwanafunzi aliyeona hayo kwa macho yake hahitaji kukaririshwa hatua za ukuaji wa wadudu. Mvua zikianza, hamieni kwenye mavi ya ng'ombe. Mfuateni mdudu anayeviringisha donge lake, mpime amefika wapi, mchimbe baadaye muone alichofukia. Watoto wa wafugaji watakuwa mbele ya wenzao katika somo hili, na ni vizuri darasa zima lilione hilo.

Usalama usiachwe kwa bahati. Kabla ya kuingia, mtu mzima apige nyasi kwa fimbo ndefu. Anayeingia avae viatu, na asiingize mkono kwenye shimo la kichuguu wala chini ya gogo. Akionekana nyoka, watoto warudi nyuma polepole na kumwita mwalimu. Hakuna kurusha mawe.

Kupanda kufuate mvua, kati ya Novemba na Desemba, na mbegu zikusanywe na watoto wenyewe. Mkwaju ni mwepesi: loweka mbegu usiku kucha kwenye maji ya uvuguvugu, ziweke kwenye viriba vyenye udongo na samadi, na kwa kawaida zitaota ndani ya wiki moja au mbili. Mti huu una habari yake huku kwetu. Jina la Hifadhi ya Taifa ya Katavi linatokana na Katabi, mwindaji ambaye roho yake inasimuliwa kukaa kwenye mkwaju karibu na Ziwa Katavi. Mwalike mzee aisimulie chini ya kivuli, watoto wasikie kwamba mti mmoja ulikuwa na heshima yake hata kabla ya hifadhi kutangazwa mwaka 1974.

Mninga ni mgumu zaidi, nami naupenda kwa somo lake. Mbegu imefungiwa katikati ya tunda la mviringo lenye miiba na ubawa kama ukingo wa kofia, na mtu mzima ndiye alipasue. Mche ukiota, kiangazi shina lake hukauka mpaka ardhini. Watoto watasema umekufa, na wengine watataka kuung'oa. Wazuie. Mzizi unaendelea kunenepa chini, na mvua ikirudi mche huchipua upya. Unaweza kufanya hivyo miaka mingi kabla ya kuanza kurefuka. Wekeni kigingi chenye tarehe pembeni yake, na kila mwaka darasa lipime chipukizi jipya.

Somo la maji linahitaji chupa mbili kubwa za plastiki zilizokatwa ubavuni na kulazwa zikiinama kidogo. Moja ijazwe udongo mtupu, nyingine udongo wenye nyasi zake. Mwagieni maji kiasi kilekile, mkinge yanayotoka mdomoni. Ya kwanza hutoa tope, ya pili maji yaliyo safi zaidi. Kisha chora mchangani njia ya Mto Katuma: unapita Ziwa Katavi na Ziwa Chada, maji yake yanaingia Mto Kavuu na kuishia Ziwa Rukwa, ambalo halina mto unaotoka. Waulize tope la mashamba yetu linakwenda wapi. Mtoto wa mkulima wa mpunga atakuwa na la kusema.

Likija suala la simba, nenda taratibu. Darasani wamo watoto ambao ng'ombe wa kwao wameliwa, na wamo ambao ndugu zao waliua simba na kucheza ngoma nyumba kwa nyumba wakipewa zawadi. Kampeni ya WASIMA, yaani Watu, Simba na Mazingira, ilianzishwa huku Katavi kwa sababu ya mauaji hayo. Usimwaibishe mtoto kwa mambo ya kwao. Uliza zizi la kwao limejengwaje, nani huchunga, ng'ombe huliwa saa ngapi, kisha darasa lijenge kwa vijiti zizi dogo ambalo simba hawezi kuruka wala kupenya.

Kona ikishika, undeni klabu yenye mwalimu mlezi. Mifano ipo: Malihai Clubs zilianza mwaka 1980, na Roots & Shoots ya Jane Goodall ilianzia Dar es Salaam mwaka 1991 na wanafunzi 12 tu. Zamu ya kumwagilia wakati wa likizo wapewe watoto wanaoishi jirani na shule, na majina yao yabandikwe ofisini. Maji ya kunawia mikono yanatosha kwa miche michache.

Safari ya hifadhini ije mwisho. Mkuu wa shule aandike barua mapema kwa idara ya ujirani mwema ya hifadhi. Chagueni Septemba au Oktoba, maji yakiwa yamepungua na viboko wamesongamana kwenye madimbwi ya Katuma. Kila mtoto apande gari akiwa na swali lake moja alilolitoa kwenye daftari la kona, na askari wa hifadhi aombwe kuyajibu maswali hayo kwanza, kabla ya maelezo yake mwenyewe.