Wimbo na Kitabu: Mtoto Asinyimwe Kimojawapo

Kila mwaka, mwezi wa Novemba ukaribiapo, nyumba nyingi za Wakristo nchini mwetu huingiwa na ugomvi mdogo ambao mwisho wake waweza kuwa mkubwa. Tarehe 22 Novemba ni siku ya Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa waimbaji na wapiga vinanda. Kwaya zajiandaa kwa siku hiyo, na mara tu baada yake zashika nyimbo za Noeli. Lakini mwezi huohuo ndio ambao kwa kawaida wanafunzi wa Kidato cha Pili na cha Nne hufanya mtihani wa taifa. Mwalimu wa kwaya amtaka kijana jioni, na mwalimu wa shule amtaka jioni ileile. Ripoti mbaya ikifika nyumbani, baba hukata shauri kwa neno moja: "Kwaya basi!"

Tungependa wazazi, walimu wa kwaya na vijana wenyewe walitazame jambo hili pamoja nasi kwa utulivu, kwani hasara yake si ndogo. Kijana akishindwa mtihani kwa sababu ya mazoezi ya usiku, mlango fulani wa maisha yake umefungwa, na kuufungua tena ni kazi ngumu. Kadhalika kijana aliyenyang'anywa wimbo kwa hasira huenda akaliacha na kanisa lenyewe, wala asisome zaidi kwa hiyo.

Kuna makosa mawili yaliyo ya kawaida. Kosa la kwanza ni la mzazi adhaniye kuwa muziki ni mchezo wa wavivu. Huyo amesahau kwamba Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, uliagiza muziki ufundishwe kwa bidii katika seminari, na pia katika shule nyingine za Kikatoliki. Kanisa halingeuweka darasani kama lingeuhesabu kuwa upuuzi. Kosa la pili ni la mzazi asemaye, "Mwanangu yuko kanisani, hana neno," kisha asiulize amerudi saa ngapi, wala daftari lake la hesabu lina nini. Kuwa kanisani hakumfanyii mtoto kazi ya shule.

Ugomvi huu haukuanza leo. Yapata miaka 1,000 iliyopita aliishi nchini Italia mmonaki wa Shirika la Mtakatifu Benedikto, jina lake Guido, aliyewafundisha waimbaji wa kanisa kuu la mji wa Arezzo. Waimbaji wa siku zile walijifunza kila wimbo kwa kuusikia kinywani mwa mwalimu na kuurudia mpaka ukae kichwani. Ilihesabiwa kuwa miaka 10 yahitajika ili kupata mwimbaji, na hata hivyo huyo hakuweza kuimba peke yake wimbo mfupi ambao hajafundishwa. Guido aliandika kwa uchungu kwamba kwa muda wote walioupoteza katika kuimba, watu hao wangaliweza kujifunza barabara Maandiko Matakatifu na elimu ya dunia.

Tuyapime maneno ya mmonaki huyo. Hakusema wimbo wamwibia kijana elimu yake. Alisema namna mbaya ya kuufundisha wimbo ndiyo imwibiayo. Basi alitafuta dawa. Aliandika sauti juu ya mistari, kila mstari na sauti yake ijulikanayo, akazipa sauti 6 majina ut, re, mi, fa, sol, la, aliyoyatwaa katika mwanzo wa mistari ya utenzi wa Kilatini wa Mtakatifu Yohane Mbatizaji. Kwa njia hiyo, alisema, mwimbaji aweza kukamilika kwa mwaka 1, au miaka 2 kwa wingi. Baba Mtakatifu Yohane wa 19 alipata habari zake, akamwita Roma ili aione kazi hiyo kwa macho yake. Katika karne ya 19, John Curwen, mchungaji mmoja wa Uingereza, aliiendeleza kazi ya mwalimu Sarah Glover, akaeneza namna ya kuandika sauti kwa herufi tu. Ndizo herufi hizi d, r, m, f, s, l, t, zionekanazo hata leo katika karatasi za kwaya zetu.

Sasa tujiulize: je, watoto wetu wazisoma herufi hizo, au wazishika mkononi tu? Katika kwaya nyingi mwalimu huimba mstari, na watoto huurudia. Huwafundisha sauti ya kwanza nusu saa, huku sauti ya pili, ya tatu na ya nne zimekaa zikipiga soga. Zamu zote 4 zikiisha, saa 2 zimepita, na kila mtoto amejifunza kwa nusu saa tu. Saa 1 na nusu iliyobaki imekwenda bure, na hiyo ndiyo saa ambayo mwalimu wa shule yuaitafuta asiione. Kwaya ambayo watoto wake wamefundishwa kusoma solfa yaweza kuushika wimbo uleule katika sehemu ya muda huo. Kwa hiyo mwalimu wa kwaya afundishaye solfa kwa bidii ameisaidia shule pia, ingawa hajagusa kitabu cha hesabu.

Liko jambo la pili ambalo muziki waweza kulifundisha darasa. Mwaka 1885 Hermann Ebbinghaus, mtaalamu Mjerumani, alitoa kitabu juu ya kumbukumbu ya binadamu, baada ya kujijaribu mwenyewe kwa muda mrefu kwa kukariri silabi zisizo na maana. Aliona kwamba kurudia mara 38, kukigawanywa katika siku 3, kulimfaa sawasawa na kurudia mara 68 katika siku 1. Kazi ni ileile, ila iliyogawanywa yaokoa karibu nusu ya jasho. Kila mpiga kinanda mwema ajua neno hili hata kama hajasikia jina la Ebbinghaus. Hapigi saa 6 siku ya Jumamosi na kukaa bure siku zilizobaki. Hupiga nusu saa kila siku. Huchagua mahali pagumu, hupapiga polepole, huparudia kesho na kesho kutwa, mpaka vidole vimezoea. Haba na haba hujaza kibaba.

Basi, wewe kijana upendaye muziki, usiseme huna kipaji cha kusoma. Namna ya kusoma unayo tayari mikononi mwako. Ulivyoushika wimbo wa sauti 4, ndivyo uishikavyo kemia. Usiusome ukurasa mzima kwa haraka. Tafuta mahali pakukwazapo, pafanye polepole, kisha ufunge kitabu na ujaribu bila kutazama, kama vile mwimbaji ajaribuvyo bila karatasi. Kesho urudie tena. Wasomao usiku kucha katika juma la mtihani hufanana na kwaya ianzayo mazoezi ya Noeli tarehe 24 Desemba.

Walakini tusimdanganye mtu. Wapo wasemao kuwa muziki peke yake humwongezea mtoto akili. Mwaka 1993 wataalamu wa chuo kikuu kimoja huko California, Marekani, walitangaza kwamba wanafunzi waliosikiliza muziki wa Mozart kwa dakika 10 walifanya vizuri zaidi katika jaribio la kutambua maumbo. Habari hiyo ilienea duniani kote. Lakini faida yenyewe haikuzidi dakika 15 hivi, na wengine waliojaribu baadaye mara nyingi hawakuiona. Wala kusoma huku simu yaimba sikioni si msaada, hasa wimbo ukiwa na maneno, kwani akili hufuata maneno mawili kwa mara moja, ya kitabu na ya wimbo. Kila kimoja kipewe saa yake.

Je, yawezekana mtu awe hodari katika yote mawili? Tutaje wawili. Enoch Sontonga alikuwa mwalimu katika shule ya misioni ya Wamethodisti karibu na Johannesburg, Afrika ya Kusini. Mwaka 1897 alitunga wimbo ambao sauti yake ndiyo tuiimbayo hata leo katika wimbo wetu wa taifa. Nyimbo zake aliziandika kwa mkono katika daftari, kwa herufi za solfa, ziimbwe na wanafunzi wake. Daftari la mwalimu lilikuwa pia daftari la mtunzi. Wa pili ni Padre Stephen Mbunga wa Tanganyika, mtunzi wa nyimbo za Misa, ambaye mwaka 1963 alitoa kitabu juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Kitabu cha namna hiyo hakiandikwi na mtu ajuaye ngoma tu, wala na mtu ajuaye sheria tu. Kama angaliacha kimojawapo ujanani, kitabu hicho kisingalikuwapo.

Lakini watu husema, mshika mbili moja humponyoka. Ni kweli, akizishika mbili kwa mkono mmoja na kwa saa moja. Aiwekaye moja mahali salama na kuishika nyingine hapotewi na kitu. Kitabu cha Kwanza cha Samweli chatuonyesha kijana Daudi. Alipiga kinubi mbele ya mfalme Sauli, na hata hivyo alirudi Bethlehemu kuwachunga kondoo wa baba yake. Na siku alipotumwa kwa kaka zake vitani, kondoo aliwaacha mikononi mwa mchungaji mwingine. Sifa za kinubi hazikumsahaulisha zizi.

Tuangalie sasa saa zenyewe. Tuchukue mwanafunzi wa sekondari wa kutwa. Siku ina saa 24. Wataalamu wa usingizi wasema kijana wa miaka 13 hadi 18 ahitaji kulala saa 8 hadi 10; tumpe 8. Shule na njia, tangu saa 12 asubuhi hadi saa 10 jioni, ni saa 10. Chakula, kuoga, kazi za nyumbani na sala ya jamaa, saa 3. Zimebaki saa 3. Katika hizo, 2 ziwe za kitabu, na 1 iwe ya muziki. Siku mbili katika juma saa hiyo ya muziki iwe ya mazoezi ya kwaya. Siku nyingine imtoshe kufanya nusu saa ya noti na nusu saa ya kupumzika. Jumamosi apewe saa 3 za kitabu na saa 2 za kwaya. Kwa hesabu hiyo, kila juma mtoto ana saa 13 za kusoma nyumbani na saa 4 za kwaya, bila kuhesabu Jumapili. Hakuna kilichoibiwa. Lakini mazoezi yakivuka saa 3 usiku mara 3 kwa juma, hesabu yote imevunjika, na kitu cha kwanza kuliwa ni usingizi.

Kwa hiyo twatoa mashauri machache.

Kwa wazazi: msiutumie muziki kuwa adhabu. Ripoti ikiwa mbaya, kwanza ulizeni saa zimekwenda wapi. Huenda mkaona kuwa kwaya imechukua saa 4, na simu imechukua 20. Mwendeeni mwalimu wa kwaya, mzungumze naye kwa heshima. Na binti yenu akitoka kwenye mazoezi, asipewe kazi zote za jikoni huku kaka yake akifungua kitabu. Saa 2 za kusoma ni haki ya wote wawili.

Kwa walimu wa kwaya: anzeni kwa wakati na mmalize kwa wakati, kabla ya giza. Fundisheni solfa. Jueni kila mtoto yuko darasa gani. Atakayefanya mtihani wa taifa, kwa miezi 3 ya mwisho apunguziwe: aje mazoezi ya Jumamosi na Misa ya Jumapili, asipelekwe safari wala kurekodi nyimbo. Tena asifutwe jina, wala asiitwe msaliti. Atakaporudi mwezi wa Desemba apokewe kwa furaha, na sauti yake itakuwapo kwa Noeli.

Kwa vijana: andikeni saa zenu katika karatasi, muibandike ukutani, na kuwaonyesha wazazi. Mtoto ashikaye ratiba yake mwenyewe hasukumwi na mtu. Anayetamani kuufanya muziki kuwa kazi yake ya maisha ajue kuwa ahitaji shule zaidi ya wengine, kwani vyuo vifundishavyo muziki navyo huuliza cheti.

Mwenyezi Mungu ndiye aliyeitia sauti kooni mwa mtoto, na Yeye ndiye aliyemtilia akili kichwani. Hakuvipa vipawa hivyo vigombane. Sisi wakubwa tumekabidhiwa kuvilea vyote viwili, na chombo cha malezi hayo ni saa. Mzazi na mwalimu wa kwaya wakikaa pamoja juma hili kwa muda wa nusu saa tu na kuzigawanya saa za mtoto mmoja, watakuwa wameifanya kazi ambayo hasira ya mwaka mzima isingeiweza.