Kuhesabu Wageni wa Tovuti Bila Kuwachelewesha

Kila mwenye tovuti hutaka kujua, "Leo wamefika wangapi?" Swali laonekana jepesi, maana hata mtoto wa darasa la kwanza ajua kuongeza moja. Lakini siku ya matokeo ya mitihani, wazazi maelfu wanapofungua ukurasa mmoja kwa wakati mmoja, huko kuongeza moja kwaweza kuilemea seva, yaani ile kompyuta inayotunza tovuti, hata mzazi asilione jina la mtoto wake. Mgeni hakuja kuhesabiwa. Alikuja kutafuta habari.

Tuitazame kazi yenyewe. Hesabu imeandikwa katika diski, tuseme ni 500. Mgeni akiingia, seva husoma 500, huongeza moja, kisha huandika 501. Wakiingia wawili pamoja, yawezekana kila mmoja akasomewa 500 na kuandikiwa 501. Wamefika wawili, daftari lasema mmoja! Dawa ya kwanza ni kufuli: anayeandika hufunga, na wengine hungoja mpaka amalize. Sasa hesabu ni sahihi, lakini tumejitengenezea foleni, na foleni ndiyo tuliyokuwa tukiikimbia.

Karani mwenye akili hafungui daftari kubwa kwa kila apitaye mlangoni. Hutia kokoto mfukoni, na baada ya muda huzihesabu na kuandika jumla mara moja. Seva nayo yaweza kuhesabu katika kumbukumbu yake ya muda, iliyo nyepesi kuliko diski mara nyingi sana, ikaandika katika diski kila sekunde 10. Wakija wageni 300 kwa sekunde, huandika mara moja badala ya mara 3,000. Seva zikiwa nyingi, kila moja na iwe na kokoto zake, zijumlishwe mtu akiuliza. Hasara ni kwamba umeme ukikatika, hesabu ya zile sekunde chache hupotea. Kwa wageni, si neno. Kwa fedha za karo nisingekubali hata kidogo: huko kila shilingi iandikwe papo hapo, na mlipaji angoje.

Daftari nalo liwe na nafasi ya kutosha. Mwezi wa Desemba 2014, wimbo wa "Gangnam Style" wa Psy, Mkorea, ulitazamwa katika YouTube kupita mara 2,147,483,647, ambayo ndiyo namba kubwa kabisa inayoenea katika hesabu ya biti 32 yenye nafasi ya alama ya kutoa. Wenye YouTube walikuwa wamekwisha kuhamia biti 64.

Hata hivyo, mpaka hapa tumehesabu mlango ulifunguliwa mara ngapi, wala si watu wangapi waliingia. Mmoja aweza kuingia mara 20. Ili tusimrudie, yapasa kukumbuka kila aliyekwisha kuja. Anwani moja ya intaneti ya namna mpya huchukua baiti 16. Basi anwani milioni moja ni baiti milioni 16, na hiyo ni kwa ukurasa mmoja tu.

Hapa ndipo lilipo jambo lililonipendeza kuliko yote. Chukueni sarafu yetu ya shilingi 200 yenye samaki. Irusheni mpaka samaki akose kutokea, mkihesabu ametokea mara ngapi mfululizo. Kisha anzeni tena. Kupata samaki wawili mfululizo mwanzoni hutokea kama mara 1 katika 4. Watatu, mara 1 katika 8. Kumi, mara 1 katika 1,024. Basi mtu akikuambia tu, "Rekodi yangu ni kumi," wakisia kwamba alianza upya kama mara elfu moja, ingawa hakuandika lolote ila ile rekodi.

Mwaka 2007, Mfaransa Philippe Flajolet na wenzake walitoa njia iitwayo HyperLogLog, iliyojengwa juu ya wazo hili. Seva huivuruga anwani ya mgeni kwa kanuni maalumu, ikapata mfuatano wa 0 na 1 ulio kama sarafu zilizorushwa. Anwani ile ile hutoa mfuatano ule ule siku zote. Kwa hiyo mgeni akirudi mara mia, rekodi haibadiliki. Na kwa kuwa bahati ya mmoja yaweza kuharibu kisio, wageni hugawanywa katika vijumba vingi, kila kimoja na rekodi yake, kisha hutafutwa wastani wa namna ya pekee. Programu ya Redis hutumia vijumba 16,384 katika baiti 12,288 tu, na kosa lake la kawaida ni asilimia 0.81. Amri zake za kazi hii huanza na herufi PF, kwa heshima ya Flajolet.

Lakini hesabu hii ni ya anwani. Shule nzima ikitumia anwani moja, sisi sote twaonekana mtu mmoja, na mashine zinazozunguka zikisoma kurasa huhesabiwa kama watu.

Ukitaka jumla ya Jumatatu na Jumanne, usijumlishe. Weka vijumba vya siku mbili sambamba, na katika kila kimoja uchukue rekodi iliyo kubwa. Aliyekuja siku zote mbili atahesabiwa mara moja tu.