Kuupima kwa Misuli Umeme wa Simu

Apikaye kwa kuni hujua kiasi alichotumia, kwa kuwa mzigo aliubeba na moshi anauona. Atumiaye simu hana ishara kama hizo. Picha anazozitazama huhifadhiwa katika kompyuta zilizo mbali, ambazo hula umeme usiku na mchana na huhitaji kupozwa. Shirika la Kimataifa la Nishati lilikadiria kwamba mwaka 2024 vituo vya kompyuta hizo vilitumia terawati-saa 415, yaani takriban asilimia 1.5 ya umeme wote wa dunia.

Wako wabunifu waliojaribu kuufanya utumiaji huo uonekane. Mwaka 2018 jarida la Low-tech Magazine lilizindua tovuti iliyoendeshwa kwa umeme wa jua mjini Barcelona, Hispania. Rangi katika kurasa zake ilipanda na kushuka kufuatana na chaji ya betri, na mawingu yalipodumu tovuti ilizimika. Hivyo msomaji alitambua kuwa maandishi yale yalitegemea jua.

Shuleni twaweza kutumia misuli. Betri ya simu yenye ampea-saa 4 na volti 3.8 huhifadhi nishati ifuatayo:

4 × 3.8 = wati-saa 15.2

Dainamo ya kawaida ya baiskeli hutoa wati 3. Basi muda wa kuijaza betri hiyo ni:

15.2 ÷ 3 = saa 5 na dakika chache

Kwa kweli muda utazidi huo, kwani sehemu ya nishati hupotea kama joto.

Hata hivyo, yafaa ieleweke kwamba miguu haihisi yote. Minara ya mawasiliano na vituo vya kompyuta havimo katika hesabu hii. Tena, sehemu kubwa ya hewa ya kabonidayoksaidi itokanayo na simu hutolewa wakati wa kuitengeneza, kabla haijawashwa na mnunuzi. Kwa hiyo kuitunza simu idumu miaka mingi ni akiba kubwa kuliko kuizima kwa dakika chache.

Maswali

1. Taa ya wati 9 imewashwa kwa saa 2. Dainamo hiyo itahitaji saa ngapi kutoa nishati hiyo?
2. Kwa nini pedeli huwa nzito zaidi dainamo inapounganishwa na chaja?