Kebo ya zamani kwenye swichi mpya

Swali: Kati ya safu mbili za seva tuna kebo za faiba aina ya OM3, za nyuzi mbili, urefu mita 90. Gigabiti 10 zinapita vizuri. Tumenunua swichi za gigabiti 100. Kebo zitafaa?

Jibu: Kwa transiva za SR4, hapana. OM3 hubeba gigabiti 10 hadi mita 300, lakini kwa SR4 kikomo chake ni mita 70. OM4 hufika 100. Chanzo ni kiini cha uzi: kina upana wa mikromita 50, hivyo mwanga hupita njia nyingi kwa wakati mmoja na miale haifiki pamoja. Mapigo yakiongezwa kasi, yanaanza kupandana na mpokeaji anashindwa kuyatofautisha. Isitoshe, SR4 hutumia nyuzi 8, nne za kutuma na nne za kupokea. Za kwenu ni mbili.

Mimi ningevuta OS2, ile ya njano. Kiini chake ni kama mikromita 9, mwanga una njia moja tu, na transiva ya DR hupeleka gigabiti 100 hadi mita 500 kwa nyuzi mbili tu. Fundi wa mauzo atawaambia transiva za OS2 ni ghali. Ni kweli, ila mwulizeni pia gharama ya kufumua dari mara ya pili.

Kabla ya kuchomeka, kagueni kila ncha kwa hadubini na kuisafisha, hata ile iliyotoka kwenye mfuko leo. Kile kifuniko cha plastiki nacho huacha uchafu.