SOMO LA GARI: INJINI, BEI YA KUUZIA, NA KIOO CHA SIMU



Kila msimu wa karafuu unapomalizika na fedha zikatua mikononi, ofisini petu huja swali lile lile. Zamani lilikuwa la mabati ya kuezekea. Siku hizi ni la gari. Mwanachama huingia, huketi, hutoa simu yake na kutuonyesha picha aliyopelekewa na dalali. Hatuonyeshi injini. Hutuonyesha kioo, kipana, kilichokaa katikati ya dashibodi kama sinia ya shaba iliyosuguliwa, na dalali amemwambia kwamba gari hili “linaingia simu”, kwa hiyo bei yake iko juu kidogo.

Leo twataka kusema juu ya kioo hicho: ni kitu gani, chafanya kazi gani, na siku ya kuliuza gari chaongeza thamani au chaipunguza. Twasema kwa sababu sisi wenyewe tumekwisha kuulipia ujinga wetu, na zilikuwa fedha zenu.

Wengi wenu mwalikumbuka gari la chama tuliloliuza mwaka jana. Lilikuwa zuri kwa kutazama. Katika kioo chake mlikuwamo kila kitu: redio, ramani, kamera ya kurudia nyuma, hata vitufe vya kiyoyozi. Siku moja fundi alitoa betri akaenda kuichaji. Alipoirudisha injini iliwaka mara moja, lakini kioo kilitoa maandishi ya Kijapani na visanduku vya kutia namba. Kumbe vioo vingi vya namna hii hufungwa kwa namba ya siri ili mwizi akiking'oa kisimfae kitu, na betri ikitolewa kioo hudhani kimeibiwa. Namba yenyewe ilibaki Japani kwa mwenye gari wa kwanza. Tulikaa wiki tatu tukitafuta mtu wa kukifungua, kiyoyozi hakiwaki, madirisha wazi, na vumbi la barabara za shamba likituingia puani. Baadaye kilifunguka, lakini kamera haikurudi tena.

Tulipotaka kuliuza, mzee mmoja kutoka Wete alikuja kulitazama. Aliisikiliza injini, akaisifu. Kisha akakigusa kioo, akasoma, au tuseme akajaribu kusoma, akatugeukia: “Bwana Katibu, gari hii inasema Kijapani na mimi nasema Kipemba. Nani atatufasiria?” Akapunguza milioni mbili katika bei tuliyoitaja, nasi tukakubali kwa kuwa waliomtangulia walipunguza zaidi. Wiki ile ile jirani yetu mmoja aliuza pikapu kuukuu yenye redio ya kanda. Iliondoka siku ya pili kwa bei aliyoitaka.

Tangu hapo tumelifikiri sana jambo hili. Mtu anunuapo shamba hutazama mikarafuu: umri wake, majani yake, iliyokufa mingapi. Hakuna anunuaye shamba kwa kutazama majamvi ya kuanikia. Jamvi huchakaa, likatupwa, likanunuliwa jingine, na mkarafuu upo pale pale. Katika gari, injini na giaboksi na bodi ndiyo mikarafuu. Kioo ni jamvi. Taabu ya magari mengi ya sasa ni kwamba watengenezaji wamelishona jamvi katika mti.

Lakini vioo si vya namna moja, na hapa ndipo wengi wanapochanganya. Namna ya kwanza ni kioo chenye akili yake mwenyewe: kina ramani zake ndani, programu zake, pengine na laini yake ya simu. Namna ya pili ni kioo cha kuazima. Hiki hungoja simu yako. Ukiunganisha kwa waya, au bila waya kwa magari mapya zaidi, simu hupeleka picha yake juu ya kioo na kupokea unavyogusa, kama mtambo wa sinema na pazia. Apple walikitangaza chao, CarPlay, katika maonyesho ya magari ya Geneva mwezi wa Machi 2014. Google walitangaza Android Auto mwezi wa Juni mwaka huo huo, na magari ya kwanza yenye nacho yakaingia barabarani mwaka 2015. Kwa namna hii ya pili kazi kubwa ya kufikiri hufanywa na simu, na simu twaibadilisha kila baada ya miaka michache. Ukinunua simu mpya, pazia lile lile la zamani hupata sinema mpya.

Namna ya kwanza haina dawa hiyo. Jiulize, bwana: simu uliyokuwa nayo mwaka 2012 iko wapi leo? Na Toyota ya mwaka 2012 yapita mbele ya ofisi yetu kila saa. Vitu viwili vyenye umri mbalimbali vimefungwa pamoja, na chenye umri mfupi ndicho kilichowekwa mbele ya macho ya mnunuzi.

Khabari za wenzetu wa Marekani zinalithibitisha hili. Ford waliweka vioo vya kugusa katika magari yao, navyo vikawa vinaganda na kuwachosha watu. Mwaka 2011, katika hesabu ya J.D. Power ya kasoro za magari mapya, Ford waliteremka kutoka nafasi ya 5 hadi ya 23, na vioo hivyo, pamoja na giaboksi mpya walizozitia, ndivyo vilivyolaumiwa. Mwezi wa Februari 2021 Tesla waliyaita magari yapata 135,000, Model S za miaka 2012 hadi 2018 na Model X za 2016 hadi 2018, kwa sababu ya kijichipu kimoja cha kumbukumbu. Kijichipu hicho huandikwa na kufutwa kila siku gari litembeapo, na kila kuandikwa hukila kidogo, mpaka kikachoka. Kikichoka, kioo huzima, na kamera ya nyuma huzima nacho. Mota nzima, magurudumu mazima, bodi nzima, na gari halistahili barabara.

Mwaka uliofuata makampuni makubwa ya simu ya nchi ile yaliizima mitambo yao ya 3G, AT&T wakianza mwezi wa Februari 2022. Magari ya makampuni kadhaa yaliyokuwa na laini ya 3G ndani yake yalipoteza siku ile huduma ya kuita msaada wakati wa ajali. Hayakuharibika. Mnara tu ulinyamaza.

Na kisa cha Mazda tungekidhani ni hadithi ya barazani kama kisingethibitishwa. Mwezi wa Januari 2022, mjini Seattle, watu wenye Mazda za mwaka 2014 hadi 2017 waliokuwa wakisikiliza kituo kimoja cha redio, KUOW, waliona vioo vyao vikizima na kuwaka, vikizima na kuwaka, bila kukoma, na redio haikutoka tena katika kituo kile. Kituo kilikuwa kimerusha picha ndogo zisizokuwa na ile alama ya mwisho wa jina inayokiambia kioo kwamba hii ni picha, basi kioo kikavurugika. Kifaa kizima kilihitaji kubadilishwa.

Ama Toyota, wao walikawia sana. CarPlay haikuingia katika magari yao ya Marekani mpaka Avalon ya mwaka 2019, na Android Auto ikaja baada ya hapo. Watu waliwacheka. Hata hivyo, katika miaka yote hiyo Toyota ilikuwa miongoni mwa magari yanayoshika bei vizuri zaidi yakiuzwa mara ya pili. Hatusemi kwamba kukawia ndiko kulikoleta bei. Twasema kwamba wanunuzi wa gari kuukuu walikuwa wakitazama kwingine. Na wengine sasa wanarudi nyuma: General Motors walitangaza mwaka 2023 kwamba magari yao mapya ya umeme hayatakuwa tena na CarPlay wala Android Auto, yatatumia programu zao wenyewe. Moja la kwanza, Chevrolet Blazer, ilibidi lisimamishwe kuuzwa mwezi wa Desemba 2023 kwa kasoro za programu, likarudi sokoni mwezi wa Machi 2024.

Huenda mwanachama akasema: hayo ni ya Marekani, sisi gari zetu zatoka Japani. Kweli, na ndiyo sababu yatuhusu zaidi. Gari la Japani hukaguliwa na serikali lifikapo miaka 3, kisha kila miaka 2, na ukaguzi huo una gharama. Kwa hiyo wengi huona ni kheri kuliuza kuliko kulikaguza tena. Hupelekwa mnadani, na huko ndiko linakoanza safari ya kuja kwetu. Injini huwa bado na umri mrefu. Kioo kimetengenezwa kwa ajili ya Tokyo: ramani yake ni ya Japani, maandishi ya Kijapani, na redio yake ya FM yaanzia 76 na kuishia 90, au 95 kwa zile mpya, ilhali vituo vyetu viko kati ya 88 na 108. Umelipia kioo, na sehemu kubwa ya vituo vya nyumbani huvisikii mpaka ufungiwe kibadilisha mawimbi, ambacho nacho mara nyingi hukoroma.

Basi gari likaguliweje? Omba kwanza karatasi ya mnada. Humo mna kilomita na daraja la gari. Ukiona herufi R mahali pa daraja, ujue gari limepata kugongwa na kutengenezwa. Litazame asubuhi kabla halijawashwa, maana injini iliyokwisha pata moto huficha maradhi yake. Tazama oili, tazama moshi, sikiliza gia zikibadilika. Ingia chini yake. Hewa yetu ya bahari haina huruma, khasa kwa gari lililokaa bandarini. Kutu ikianza katika fremu, hakuna kioo kitakachoifuta. Na nyaya za shaba zikiota ukijani katika viungio, kila chombo cha umeme kitakusumbua kwa zamu.

Kioo nacho kijaribiwe, wala si kwa kucheza muziki. Mwombe muuzaji, mbele yako, atoe waya wa betri wa upande wa kasoro kwa dakika kumi, kisha aurudishe. Kama kioo kitauliza namba ya siri, na muuzaji hana namba, umejua bei yake. Muuzaji akikataa jaribio hili, pia umejua. Sisi lingetuokolea milioni mbili. Tazama pia kama kiyoyozi na vipimo vina vitufe vyake vya kubonyeza, nje ya kioo. Gari ambalo kioo kikifa redio tu ndiyo inayokufa, hilo lanunulika. Lile ambalo kikifa na kamera na kiyoyozi na vipimo vyafa pamoja nacho, liache liende.

Wapendao kusomewa njia na simu hatuwakatazi; sisi pia twapenda, hasa tukiwa Unguja mjini. Lakini nunueni gari la injini, kisha tieni kioo baadaye. Nafasi ya redio katika magari mengi ina kipimo kimoja, milimita 180 kwa 100, na katika Toyota nyingi za Japani upana wake ni 200, kwa hiyo kuna kifuniko cha kuziba pembeni. Mwambie fundi atumie plagi ya kuunganishia inayofaa gari lako. Asikate nyaya. Nyaya zikishakatwa na kufungwa kwa utepe, betri itakuwa inakwisha usiku bila ya kujua sababu, na mnunuzi mwenye macho ataziona. Ile redio ya zamani isitupwe. Ifungeni ndani ya boksi, mweke darini.

Na siku ya kuuza, futeni majina na namba za simu zenu katika kioo, kwa sababu huzihifadhi hata simu ikitoka. Semeni aibu ya gari ilivyo: kama kamera haifanyi kazi, isemwe kabla mnunuzi hajaigundua. Tulijifunza chuoni tangu utoto kwamba mwenye kununua ana khiyari ya kurudisha kitu akikuta kasoro iliyofichwa, na hapa kisiwani ambapo sote twajuana, gari lililouzwa kwa kufichwa hurudi barazani kwako hata lisiporudi lenyewe. Daftari la oili na vipuri, lililoandikwa tarehe na kilomita, laongeza bei kuliko kioo chochote tulichokiona.

Kamati sasa ina magari mawili mbele yake ya kuchukua karafuu za wanachama msimu ujao. Moja lina kioo kipana na kilomita chache. La pili lina redio ya vitufe, limetembea zaidi, na fundi wetu amelikagua chini na juu. Rai ya ofisi ni hilo la pili. Yote mawili yataletwa uani kwetu Jumamosi ijayo saa mbili asubuhi, yakiwa hayajawashwa, na waya wa betri tutautoa mbele yenu.