Kutengeneza Mfano wa Reli

Mfano ni kitu kidogo kilichofanywa kifanane na kikubwa. Mtoto akifinyanga ng'ombe kwa udongo, amefanya mfano. Mfano wa reli nao waweza kuwa kichezeo. Lakini ukitengenezwa kwa uangalifu, hutuonyesha jinsi nchi ilivyo na taabu waliyoikuta wajenzi. Katika somo hili tutatengeneza kipande cha Reli ya Kati karibu na Dodoma. Reli hiyo ilianzwa Dar es Salaam mwaka 1905, wakati wa utawala wa Wajerumani. Ikafika Dodoma mwaka 1910, na Kigoma mwaka 1914.

1. Kipimo

Vyuma viwili vya Reli ya Kati vimeachana kwa mita 1. Basi mita 1 ya kweli na iwe sentimeta 1 katika mfano wetu. Hivyo mtu mzima hatafika sentimeta 2, na mbuyu wa mita 15 utakuwa sentimeta 15. Kutoka Dar es Salaam hata Dodoma ni zaidi ya kilometa 400. Mfano wa njia hiyo yote ungekuwa na urefu wa zaidi ya kilometa 4! Kwa hiyo tutachagua mita 200 tu, zitakazokaa juu ya ubao wa mita 2.

Kipimo hicho hakina budi kutawala kila kitu. Kokoto iliyo kama punje ya mahindi, ikiwekwa kando ya njia, itakuwa jabali la kumfika mtu kiunoni. Chekecheni mchanga mwembamba badala yake.

2. Nchi

Wajenzi wa reli hawakuiumba nchi, waliikuta. Na ninyi anzeni na nchi, kisha njia. Twaeni udongo wa kichuguu, uponde, uulowanishe, mkafanye uwanda, mwinuko na korongo moja. Kwa mlima, jiwe dogo lenye nyufa lafaa sana. Kisha jengeni tuta la reli likatize korongo, mkaliache likauke.

Sasa jaribuni. Tobolea kopo matundu madogo, ulijaze maji, uyanyunyize upande wa juu wa korongo. Maji yatakusanyika nyuma ya tuta, yatapanda, yatapita juu yake, na mwisho yatalikata. Jengeni tuta tena, na chini yake mpitishe kipande cha mwanzi kiwe kalavati, yaani njia ya maji. Nyunyizeni kama kwanza, mwone tofauti.

Mtu atauliza, "Dodoma ni nchi kavu, kalavati ya nini?" Ni kweli, mvua ya Dodoma kwa kawaida haifiki milimita 600 kwa mwaka. Lakini huja kwa miezi michache, na mara nyingi kwa kishindo; korongo lililokuwa kavu asubuhi laweza kuwa mto jioni. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa mwaka 2010 mafuriko yaliharibu reli kati ya Kilosa na Dodoma, mahali ambapo njia hufuata bonde la mto. Safari za treni zikakatika kwa miezi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na asiyeyapa maji njia, maji yatajifanyia njia yenyewe.

3. Njia na nyumba

Jaribio likiisha, lazeni mataruma ya vijiti juu ya tuta, na juu yake nyaya mbili zilizonyoka. Mwageni mchanga katikati.

Nyumba ya tembe ya Wagogo ilikuwa fupi, yenye kuta za miti iliyokandikwa udongo, na paa bapa lililofunikwa udongo. Simamisheni vijiti, mkandike, mlaze paa la mabua membamba. Siku hizi nyumba nyingi ni za matofali na mabati. Hizo nazo ziwekeni. Bati ni karatasi ngumu iliyokunjwa migongo.

Stesheni jengeni kwa karatasi ngumu, lakini kwanza mkalitazame jengo lenyewe. Hesabuni milango na madirisha, mpime kuta kwa hatua mkiwa nje, wala mtu asikanyage njia ya reli. Msiandike mlichodhani, andikeni mlichopima.

Mfano uliopambwa vizuri bila kupimwa hupendeza macho na kudanganya akili. Uliopimwa, hata ukiwa wa udongo mtupu, humwambia mtazamaji kweli.

Maswali

1. Kwa nini tulianza na nchi kabla ya njia?
2. Reli mpya, ambayo treni zake za abiria zilianza kufika Dodoma mwaka 2024, ina upana wa milimita 1,435. Katika mfano wetu vyuma vyake vingeachana kwa kiasi gani?
3. Tafuta barabara au njia iliyo karibu na shule yenu inayokatiza korongo. Maji hupita wapi? Chora.