Somo la Tano: Kivinjari Kinapobadilika

Malengo ya somo

Baada ya kusoma somo hili, mtumiaji ataweza:

(a) kutofautisha marekebisho ya usalama na vipengele vipya vinavyoletwa na sasisho la kivinjari;
(b) kukagua mipangilio ya kivinjari chake kila baada ya sasisho;
(c) kutambua sasisho bandia na kuchukua hatua stahiki;
(d) kueleza haki na wajibu wake kuhusu taarifa zinazopita katika kivinjari.

Utangulizi

Kivinjari ni programu inayomfikisha mtumiaji kwenye tovuti. Chrome, Firefox, Safari, Edge na Opera Mini ni baadhi ya vivinjari vinavyofahamika. Kupitia programu hiyo moja, mwananchi huomba mkopo wa elimu ya juu, hutuma maombi ya kazi, hulipia huduma za umma, hufungua barua pepe na mara nyingi huhifadhi nywila zake zote. Kivinjari, kwa maneno mengine, ni mlango wa nyumba yake ya kidijitali.

Mlango huo hubadilishwa mara kwa mara. Mtumiaji hufungua simu asubuhi akakuta kitufe kimehama, alama aliyoizoea imetoweka, au swali jipya linamtaka akubali jambo asilolielewa. Wapo wanaofurahia mabadiliko hayo, wapo wanaonung'unika, na wapo wanaoamua kuzima masasisho yote ili wabaki na kile walichokizoea. Somo hili linaonyesha kwamba uamuzi huo wa mwisho una madhara makubwa kuliko kero inayokimbiwa. Njia iliyo salama ni kupokea sasisho mapema, kisha kukagua mipangilio kwa utulivu.

1. Mzigo mmoja, vitu viwili

Kila sasisho hubeba vitu viwili vya asili tofauti. Cha kwanza ni marekebisho ya usalama, yaani kuziba mianya ambayo mhalifu angeweza kuitumia kuingia katika kifaa. Cha pili ni vipengele vipya na mipangilio mipya: mwonekano, njia za kupanga kurasa, huduma za ziada na ruhusa mbalimbali.

Kitu cha kwanza hakina mjadala, na kinahitaji haraka. Msimbo wa msingi wa Chrome uko wazi kwa umma. Mwanya unapozibwa, wataalamu wa pande zote, wema na waovu, huweza kusoma marekebisho hayo na kujua tundu lilikuwa wapi. Kuanzia hapo, asiyesasisha ndiye anayewindwa. Kabla ya toleo la 77, muda kati ya marekebisho kuonekana hadharani na kuwafikia watumiaji wa Chrome ulikuwa wastani wa siku 35. Baadaye ulipunguzwa hadi takriban siku 15. Agosti 2023, Google ilianza kutoa marekebisho ya usalama kila wiki ili kuufupisha zaidi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika kivinjari, ufa huzibwa kwa dakika chache na ukuta huweza kugharimu akiba yote.

Kitu cha pili ni suala la hiari, na hapo ndipo mtumiaji ana haki ya kuuliza, kukataa na kubadilisha. Kosa la wengi ni kuvichanganya viwili hivi. Anayekataa sasisho kwa sababu amechukizwa na rangi mpya ya mlango, hukataa pia kitasa kipya.

Ifahamike vilevile kwamba katika kompyuta, kivinjari huweza kupakua sasisho chenyewe lakini kisilitumie mpaka kifungwe na kufunguliwa upya. Mtu anayeacha kurasa zake wazi kwa wiki kadhaa anaweza kuwa na marekebisho yaliyokwisha kupakuliwa ambayo bado hayafanyi kazi.

2. Mabadiliko manne yaliyozua mjadala

*Kuingia katika akaunti bila kuombwa.* Septemba 2018, toleo la 69 la Chrome lilileta utaratibu mpya: mtumiaji wa kompyuta aliyefungua Gmail au huduma nyingine ya Google alijikuta ameingizwa pia katika kivinjari chenyewe kwa akaunti hiyohiyo. Watumiaji na wataalamu, akiwemo Matthew Green wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins nchini Marekani, walipinga. Google ilieleza kwamba kuingizwa huko peke yake hakukupeleka historia ya mtumiaji kwenye akaunti. Hilo lilihitaji kuwashwa kwa usawazishaji. Hata hivyo, katika toleo la 70 la Oktoba 2018, kampuni iliongeza mpangilio wa kuzima utaratibu huo. Tunajifunza mambo mawili. Malalamiko yenye hoja huzaa matunda. Aidha, anayefungua barua pepe katika kompyuta ya steshenari ili kujaza fomu ya mkopo hana budi kuhakikisha ametoka katika barua pepe na katika kivinjari pia, na kwamba hakuhifadhi nywila humo.

*Kuondolewa kwa huduma ya kubana data.* Machi 2022, toleo la 100 la Chrome liliondoa hali iliyokuwa ikipunguza matumizi ya data katika simu za Android. Kwa mtumiaji wa bando dogo, mabadiliko haya yaligusa mfuko moja kwa moja. Sasisho huweza kuondoa huduma kama linavyoweza kuongeza, hivyo bando linapokwisha mapema kuliko kawaida, mabadiliko ya kivinjari ni miongoni mwa mambo ya kuchunguza.

*Kuondoka kwa alama ya kufuli.* Septemba 2023, toleo la 117 la Chrome kwa kompyuta liliondoa kufuli lililokuwa kando ya anwani ya tovuti, likaweka alama ya vitelezi viwili inayofungua mipangilio ya tovuti husika. Wapo waliodhani usalama umepungua. Ukweli ni kwamba kufuli lilikuwa likieleweka vibaya: katika utafiti wa Google wa mwaka 2021, ni asilimia 11 tu ya washiriki waliofahamu maana yake halisi. Kufuli lilimaanisha kwamba mawasiliano kati ya kifaa na tovuti yamefichwa yasisomwe njiani. Halikumaanisha kwamba mwenye tovuti ni mwaminifu, kwa kuwa tapeli naye huweza kuficha mawasiliano ya tovuti yake. Kinga iliyo bora ni kusoma jina la tovuti herufi kwa herufi. Tovuti za Serikali ya Tanzania, kwa mfano, huishia na.go.tz.

*Mpangilio uliowashwa tayari.* Julai 2024, toleo la 128 la Firefox lilikuja na mpangilio wa kupima mafanikio ya matangazo ukiwa umekwisha kuwashwa. Mtengenezaji wake, Mozilla, alieleza kwamba mbinu hiyo ilibuniwa ili isimtambulishe mtu binafsi. Hoja ya wapinzani ilikuwa nyingine: kwa nini mtumiaji hakuulizwa kwanza? Septemba mwaka huohuo, noyb, shirika la kutetea faragha lenye makao nchini Austria, liliwasilisha malalamiko kwa mamlaka ya ulinzi wa taarifa ya nchi hiyo. Kisa hiki kinatukumbusha kwamba mpangilio wa awali ni uamuzi wa mtengenezaji. Mtumiaji asipoufungua na kuuangalia, mtengenezaji ndiye aliyechagua kwa niaba yake.

3. Ukaguzi wa dakika kumi baada ya sasisho

Majina ya vitufe hutofautiana kati ya kivinjari kimoja na kingine, lakini sehemu zifuatazo hupatikana katika vivinjari vingi, chini ya *Mipangilio*.

*Hatua ya 1: Arifa.* Fungua mipangilio ya tovuti, kisha arifa, usome orodha ya tovuti zilizoruhusiwa. Matangazo ya kutisha yanayojitokeza juu ya kioo, yakidai kwamba simu ina virusi au kwamba mhusika ameshinda zawadi, mara nyingi hutoka katika tovuti iliyopewa ruhusa hii kwa kubofya "Ruhusu" bila kusoma. Ondoa kila tovuti usiyoihitaji. Kagua pia simu za wazazi na wazee nyumbani, kwa kuwa ujumbe huo huwafanya wapige namba au wapakue programu kwa hofu.

*Hatua ya 2: Mahali, kamera na maikrofoni.* Chagua kuulizwa kila mara badala ya kuruhusu moja kwa moja. Tovuti ya ramani ina sababu ya kujua ulipo. Tovuti ya mapishi haina.

*Hatua ya 3: Akaunti na nywila.* Hakikisha akaunti inayoonekana ni yako. Zima uhifadhi wa nywila katika kifaa kinachotumiwa na watu zaidi ya mmoja.

*Hatua ya 4: Faragha na matangazo.* Vidakuzi ni kumbukumbu ndogo ambazo tovuti huziacha katika kivinjari. Baadhi humsaidia mtumiaji abaki ndani ya akaunti yake. Vingine, vinavyowekwa na watu wa tatu, humfuatilia kutoka tovuti moja hadi nyingine. Zuia hivyo vya watu wa tatu, na usome kila swichi inayotaja matangazo.

*Hatua ya 5: Usalama wa muunganisho.* Washa mpangilio wa kutumia miunganisho salama daima, ili kivinjari kikuonye kabla ya kufungua tovuti isiyoficha mawasiliano.

*Hatua ya 6: Data.* Katika duka la programu, unaweza kuchagua masasisho yapakuliwe kupitia Wi-Fi pekee. Ukifanya hivyo ilhali huna Wi-Fi nyumbani wala kazini, jiwekee siku maalumu ya kusasisha kivinjari kwa bando lako. Vinginevyo utakuwa umezima masasisho bila kukusudia.

Tahadhari: hali fiche huzuia kivinjari kuhifadhi historia katika kifaa chako. Haikufichi mbele ya tovuti unayoitembelea, wala mbele ya mwajiri au mtoa huduma wa intaneti.

4. Sasisho bandia

Kwa kuwa umma umehimizwa kusasisha, matapeli nao hutumia wito huohuo. Mtumiaji hufungua ukurasa, ukajitokeza ujumbe usemao kivinjari chake kimepitwa na wakati na abofye hapa mara moja. Anachopakua ni programu hasidi, ambayo katika simu huweza kuomba ruhusa ya kusoma ujumbe mfupi, ikiwemo namba za uthibitisho zinazotumwa na benki.

Kanuni ni moja: sasisho la kweli hutafutwa na mtumiaji mwenyewe mahali pake. Katika simu, mahali pake ni duka rasmi la programu; katika kompyuta, ni ukurasa wa "Kuhusu" uliomo ndani ya kivinjari. Usikubali sasisho linalokuja kwa kiungo cha WhatsApp, kwa ujumbe mfupi, au kwa ukurasa wa tovuti uliokuwa ukiusoma.

Ukiwa umekwisha kupakua sasisho la aina hiyo, zima data mara moja, ondoa programu hiyo, wasiliana na benki na mtoa huduma wako wa pesa kwa simu ili walinde akaunti zako, kisha badilisha nywila kwa kutumia kifaa kingine. Namba ya simu iliyokutumia ujumbe wa kitapeli itolewe taarifa kwenda 15040.

5. Kifaa kisichopokea masasisho tena

Kila kifaa hufikia ukomo. Chrome ilikoma kuhudumia Windows 7 kuanzia toleo la 110 la Februari 2023, na toleo la 138 la mwaka 2025 lilikuwa la mwisho kwa simu za Android 8 na 9. Kivinjari cha namna hiyo huendelea kufunguka kama kawaida, na hapo ndipo hatari ilipo: hakuna dalili ya nje inayoonyesha kwamba mianya mipya haizibwi.

Mtumiaji anayenunua simu iliyokwisha kutumika anashauriwa kufungua mipangilio na kusoma toleo la Android kabla ya kulipa. Aliye na kifaa kilichofikia ukomo asikitumie kwa miamala ya fedha wala kuhifadhi nywila ndani yake.

6. Haki na wajibu

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inampa mtu haki ya kujua jinsi taarifa zake zinavyotumika, kuomba zirekebishwe zinapokuwa na makosa, na kuzuia zisitumike kwa matangazo ya biashara. Anayeona haki hiyo imekiukwa anaweza kulalamika kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kwa upande wake, mtumiaji ana wajibu wa kusoma kabla ya kubofya, kusasisha kwa wakati, na kutunza ushahidi, kama vile picha ya kioo na tarehe ya tukio, pale anapokusudia kulalamika.

Maswali ya kujipima

1. Jirani yako amezima masasisho kwa sababu hapendi mwonekano mpya wa kivinjari. Utamweleza nini?
2. Taja mambo mawili utakayohakikisha kabla ya kuondoka kwenye kompyuta ya steshenari.
3. Kwa nini alama ya kufuli haikuwa ushahidi kwamba mwenye tovuti ni mwaminifu?
4. Fungua orodha ya arifa katika simu yako sasa. Ni tovuti ngapi zimeruhusiwa, na ni ngapi kati ya hizo unakumbuka kuziruhusu?